Hans Holbein, Mgeni Aliyesawiri Nyuso za Uingereza

Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza alifariki dunia mwaka 1547, na wote waliopata kumwona kwa macho yao wamekwisha kuwa udongo zamani. Walakini hata leo mtoto wa shule aliyewahi kufungua kitabu cha tarikh ya Uingereza humtambua mara moja, kwa yale mabega yaliyotanuliwa kwa manyoya na hariri, miguu iliyopanuliwa kama ya mtu asiyetazamia kusogezwa na yeyote, na uso mpana wenye macho madogo na mdomo uliobanwa. Sura hiyo tumeachiwa na mtu wa kuja, Mjerumani kwa kuzaliwa na raia wa Basel katika Uswisi, aliyeingia London kutafuta riziki kwa kuwa kazi yake ilikuwa imekosa soko kwao. Jina lake ni Hans Holbein, na maisha yake yastahili kusimuliwa kwa utulivu, kwani ni maisha ya mhamiaji kwanza, na ya bingwa baadaye.

Alizaliwa Augsburg, mji wa matajiri wa kusini mwa Ujerumani, mnamo mwaka 1497 au 1498. Baba yake, aliyeitwa kwa jina hilo hilo, alikuwa mchoraji mwenye sifa, na kaka yake Ambrosius naye alishika brashi. Hivyo alizaliwa ndani ya kazi ile, akaivuta pamoja na harufu ya mafuta na rangi za baba. Upo mchoro mdogo wa mwaka 1511, uliohifadhiwa Berlin, ambamo mzee yule aliwasawiri wanawe wawili, na juu ya kichwa cha Hans akaandika umri wake, miaka 14. Mwaka 1515 ndugu hao waliondoka kwenda Basel, mji uliokuwa maarufu kwa matbaa zake, na huko ndiko alikokaa Erasmus, mwanachuoni mkubwa kuliko wote wa Ulaya ya kaskazini wakati ule. Kijana Holbein akapata kazi ya kupamba vitabu vya wapiga chapa na kuchora kuta za nyumba za matajiri. Mwaka 1519 alikubaliwa katika chama cha mafundi wachoraji, akamwoa Elsbeth, mjane wa fundi mtengeneza ngozi, na mwaka uliofuata akapewa uraia wa mji. Kwa mtu wa miaka ishirini na ushei, mambo yalikuwa yamemnyookea.

Kisha dini ikaja ikapindua kila kitu. Mafundisho ya mwanamageuzi wa dini Luther yalipoenea Ujerumani na Uswisi, wengi waliona kwamba sanamu na picha makanisani ni aina ya shirki, na kwamba fedha inayotumika kuzinunua ingefaa zaidi kwa maskini. Kwetu sisi watu wa pwani, tuliolelewa kando ya misikiti isiyo na sura hata moja ukutani, hoja yao haihitaji kufafanuliwa sana. Lakini fikiri hali ya fundi ambaye sehemu kubwa ya mapato yake hutoka kwa mapadri na waumini wanaotaka picha ya Bikira au ya mtakatifu wao. Maagizo yalipungua mwaka hadi mwaka. Erasmus, ambaye Holbein alikuwa amemsawiri zaidi ya mara moja mwaka 1523, alimwandikia rafiki yake wa Antwerp mwaka 1526 kumjulisha kwamba mchoraji huyu yuko njiani kwenda Uingereza kutafuta fedha, maana sanaa huko Basel zimepatwa na baridi. Kwa ulinzi wa barua za namna hiyo ndivyo Holbein alivyosafiri. Mkewe na watoto waliachwa nyumbani.

London alipokewa na Sir Thomas More, mwanachuoni na mtumishi wa mfalme, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Sheria. Holbein alimlipa kwa kazi yake. Picha ya More ya mwaka 1527, iliyoko sasa katika makumbusho ya Frick huko New York, ni mojawapo ya zile ambazo mtazamaji huogopa kuzisogelea kwa kuhisi kwamba atasemeshwa: mikono ya mahameli nyekundu imekunjamana ikang'aa pale penye mwanga, mkufu wa dhahabu wa utumishi wa mfalme umelala kifuani, na kidevuni vinyweleo vya ndevu za siku mbili vimechorwa kimoja kimoja, kama kwamba kinyozi alichelewa asubuhi ile. Aliisawiri pia jamaa nzima ya More katika picha moja kubwa, jambo lisilokuwa la kawaida katika nchi zile za kaskazini, lakini picha hiyo iliungua moto mwaka 1752, na kwa mkono wake picha nzima imebaki katika mchoro wa wino tu, ambao More alimpelekea Erasmus ili awaone marafiki zake.

Hapa nitasimama kidogo nieleze namna alivyofanya kazi, kwa sababu wengi hudhani kwamba mtu mkubwa alikaa mbele ya mchoraji kwa majuma kadhaa. Wakubwa hawana wasaa huo. Holbein alichukua karatasi, na katika miaka ya baadaye alizipaka kwanza rangi ya waridi hafifu ili iwe badala ya rangi ya ngozi. Kisha kwa chaki nyeusi na nyekundu alikamata uso katika kikao kimoja, akitia bidii katika macho, pua na mdomo, na nguo akiziacha kwa mistari michache. Kando ya mistari hiyo aliandika kwa Kijerumani maneno ya kujikumbusha: hapa ni hariri, hapa ni nyekundu. Mwenye uso akaenda zake. Mchoraji akarudi chumbani mwake, akahamisha mistari ile juu ya ubao wa mwaloni uliosuguliwa ukawa laini, akaanza kupaka rangi za mafuta tabaka juu ya tabaka. Michoro hiyo ya karatasi ipatayo 80 imo katika hazina ya wafalme wa Uingereza huko Windsor. Ilisahauliwa kwa muda mrefu hata Malkia Caroline alipoikuta ndani ya kabati la Kensington mwaka 1727. Mimi kwa upande wangu naipenda kuliko hata picha zilizokamilika, kwa kuwa humo ndimo tunamwona akitazama.

Mwaka 1528 alirejea Basel. Raia aliyekaa nje kupita miaka miwili aliweza kupoteza uraia wake, na Holbein hakutaka kuupoteza. Alinunua nyumba, dalili kwamba fedha ya Uingereza ilikuwa imetoka kweli, akamchora mkewe na watoto wawili, Philipp na Katharina. Waandishi wengi wamesema mengi juu ya picha hiyo, na mimi nitasema machache: macho ya mwanamke yule ni mekundu na mazito, mkono wake umelemea bega la mvulana, na hakuna hata mmoja katika watatu hao anayemtazama mwenye kuchora. Kama ilikuwa ni kukiri kosa, Holbein hakuliandika mahali pengine. Baadaye picha hiyo iliuzwa.

Mwezi wa Februari 1529 wenyeji wa Basel waliingia makanisani, wakavunja sanamu na kuzichoma picha katika viwanja. (Miezi hiyo hiyo, huku kwetu, Wareno wa Nuno da Cunha walikuwa wameikalia Mombasa, na walipoondoka waliichoma moto, karne ile haikuwa na huruma kwa vitu vizuri pande zote za dunia.) Mwaka uliofuata mchoraji aliulizwa rasmi kwa nini hahudhurii meza ya Bwana ya dhehebu jipya, naye akajibu kwamba angependa kwanza aelezwe vema maana yake. Jibu hilo linamfafanua Holbein kuliko wasifu mrefu. Hakupinga, hakuridhia, aliomba muda. Na mwaka 1532 alishika tena njia ya London, ingawa baraza la mji lilimwahidi malipo ya kila mwaka ili arudi.

Alikuta mambo yamegeuka. More, mwenyeji wake wa zamani, alikuwa amejiuzulu kwa kutokubaliana na mfalme juu ya talaka ya Malkia Catherine na juu ya mamlaka ya Papa. Kumkaribia mtu kama huyo kulikuwa na hatari. Holbein akafanya kama afanyavyo mhamiaji yeyote aliyefika ghurbani na kukuta mlango wa kwanza umefungwa: alikwenda kwa watu wa lugha yake. Kando ya mto Thames palikuwa na mtaa wa wafanyabiashara wa Kijerumani wa umoja wa Hansa, wenye maghala na gati lao, na kwao akapata maagizo mengi ya picha, ambazo yamkini baadhi yake zilipelekwa kwa jamaa waliobaki nyumbani wawaone watu wao.

Iliyo bora katika hizo ni ya Georg Gisze ya mwaka 1532, ambayo iko Berlin. Kijana huyo amesimama nyuma ya meza akifungua barua, na kila kitu cha biashara yake kimemzunguka: mihuri, lakiri, kalamu, mizani inayoning'inia rafuni, barua zilizochomekwa ukutani zenye maandishi yanayosomeka, na bilauri ya kioo yenye maua na maji ambayo waweza kuhesabu matone yake. Mezani limetandikwa zulia la Anatolia. Mazulia ya Waislamu yalikuwa ya thamani sana Ulaya hata hayakuwekwa sakafuni bali juu ya meza, na Holbein aliyachora kwa uaminifu mkubwa kiasi kwamba wajuzi wa mazulia hadi leo huita aina moja ya naksha hizo kwa jina lake. Fundi wa Kituruki aliyelifuma hajulikani, na fundi wa Kijerumani aliyelichora ndiye aliyepata utajo.

Mwaka 1533 alimaliza kazi ambayo nadhani hata yeye hakuipita tena: picha ya mabalozi wawili wa Ufaransa, yenye urefu na upana wa zaidi ya mita mbili kila upande. Kushoto amesimama Jean de Dinteville, balozi katika London, mwenye joho la manyoya, na juu ya ala ya jambia lake umeandikwa umri wake, miaka 29. Kulia yuko rafiki yake Georges de Selve, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekwisha kuteuliwa kuwa askofu, amevaa vazi refu na mkono wake umeegemea kitabu. Kati yao pana meza ya rafu mbili. Rafu ya juu, iliyofunikwa zulia, ina tufe la nyota na vyombo vya kupimia jua na wakati. Rafu ya chini ina tufe la dunia, kitabu cha hesabu za biashara, filimbi, kitabu cha nyimbo za kanisa, na kinanda cha nyuzi ambacho Wazungu walikitwaa kutoka udi wa Waarabu, ule ule tunaousikia katika taarabu. Ukikaribia utaona kwamba uzi mmoja umekatika. Ukilitazama tufe la dunia kwa makini utaona limeandikwa Polisy, kijiji kidogo cha Ufaransa, ambacho hakuna mchora ramani angejishughulisha nacho isipokuwa kwa sababu moja: ndiko ilikokuwa nyumba ya Dinteville.

Na chini, mbele ya miguu yao, pamelala umbo refu la kijivu lisilofahamika, mfano wa mfupa wa samaki uliotupwa sakafuni. Mtazamaji aliyesimama mbele hataambulia kitu. Lakini akisogea upande wa kulia wa picha na kuinamisha macho karibu na ukuta, umbo lile hujikusanya na kuwa fuvu la kichwa cha mtu, kamili, lenye meno. Wakati huo huo mabalozi, na hariri zao, na elimu yao yote, hupotea katika mstari usioeleweka. Sijui namna nyingine ya kuhubiri juu ya mauti iliyo fupi kuliko hiyo.

Kuanzia mwaka 1536 alikuwa mchoraji wa mfalme, na mshahara wake ulikuwa paundi 30 kwa mwaka, mbali na alizolipwa na watu wengine. Mwaka uliotangulia, tarehe 6 Julai 1535, Thomas More alikuwa amekatwa kichwa kwa amri ya mfalme huyo huyo. Holbein alikuwa tayari amemchora Thomas Cromwell, waziri aliyechukua nafasi ya More katika sikio la mfalme. Leo picha ya More na ya Cromwell zimetundikwa katika chumba kimoja huko Frick, kila upande wa meko mmoja, wakielekeana. Wako wanaomlaumu Holbein kwa kukosa fadhila. Lawama hiyo naielewa, ila siishiriki yote: mgeni asiye na ukoo wala kabila katika nchi, anayeishi kwa ridhaa ya mtawala, angemtetea vipi mtu ambaye hata marafiki zake Waingereza walinyamaza? Holbein alinyamaza pia, lakini picha ya More hakuibadili, na mtu akizitazama mbili hizo kwa pamoja hatakosa kujua nani kati yao alikuwa na moyo mpana.

Mwaka 1537 alichora ukutani, katika chumba cha ndani cha kasri ya Whitehall, Henry na mkewe Jane Seymour pamoja na wazazi wa Henry. Mwandishi Karel van Mander, katika kitabu cha mwaka 1604, anasimulia kwamba aliyesimama mbele ya sura ile ya mfalme alijiona amedunishwa. Ukuta uliungua mwaka 1698, lakini kipande cha karatasi kubwa alichotumia kuhamishia mistari kimesalia London, kimetobolewa kwa sindano mahali pote mistari ilipopita. Katika karatasi hiyo uso wa mfalme umegeuka kidogo pembeni. Kutokana na nakala zilizochukuliwa kabla ya moto twajua kwamba ukutani aliugeuza umtazame mtu moja kwa moja. Badiliko hilo dogo la shingo ndilo lililotupa Henry tunayemjua.

Jane alifariki mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, siku chache baada ya kujifungua mwana, na mfalme akaanza kutafuta mke mwingine miongoni mwa binti za watawala wa Ulaya. Kamera haikuwapo. Mchumba wa mbali alijulikana kwa maneno ya wajumbe, nao wajumbe husema yanayopendeza. Kwa hiyo Holbein akawa jicho la posa. Tarehe 12 Machi 1538, huko Brussels, alipewa saa tatu tu, kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi, kumchora Christina wa Denmark, mjane wa Mtawala wa Milan aliyekuwa na umri wa miaka 16. Kutokana na saa hizo tatu ilitoka picha ya urefu wa mtu mzima: msichana aliyevaa nguo nyeusi za msiba kutoka shingoni hadi miguuni, hakuna kito ila pete moja, na katika weusi wote huo mikono miwili na uso vimechomoza kwa weupe wao. Mfalme alifurahi mno alipoona mchoro. Ndoa haikufungwa, kwa sababu za siasa, lakini picha aliiweka mpaka kufa kwake.

Mwaka 1539 alitumwa Düren kumchora Anne wa Cleves. Safari hii alitumia ngozi iliyolainishwa, ambayo yamkini ilikuwa rahisi kusafirishwa, na mjumbe wa mfalme akaandika kwamba sura imetoka hai. Anne alipofika, na Henry akakutana naye Rochester siku ya mwaka mpya wa 1540, mfalme alichukizwa. Nikahi ilifungwa tarehe 6 Januari, ikabatilishwa mwezi wa Julai, na tarehe 28 ya mwezi huo Cromwell, aliyekuwa dalali wa ndoa hiyo, akauawa, ingawa maadui zake walikuwa na visa vingine vingi juu yake. Tangu hapo imekuwa ada kusema kwamba Holbein alidanganya. Mimi naitazama picha hiyo, ambayo iko Louvre mjini Paris, na siuoni uongo: naona mwanamke mpole, macho yamelegea, amevikwa mavazi mazito ya kwao ambayo yamechorwa kwa bidii kuliko uso. Mchoraji aliagizwa uso akaleta uso. Mapenzi ya mfalme hayakuwa katika sanduku lake la rangi. Henry mwenyewe hakumwadhibu.

Basel ilimwita tena mwaka 1538 kwa ahadi ya malipo makubwa zaidi. Alikwenda kuzuru, akamwondoa mwanawe Philipp na kumtia kwa sonara wa Paris ajifunze kazi, kisha akarudi London. Wasia wake, alioandika tarehe 7 Oktoba 1543, unatuonyesha kilichomzuia, au sehemu yake: ameamuru mali yake yote na farasi wake viuzwe kulipa madeni, na zitolewe shilingi saba na peni sita kila mwezi kwa ajili ya watoto wake wawili wachanga waliokuwa kwa mlezi. Watoto hao hawakuwa wa Elsbeth, na mama yao hakutajwa. Kabla ya Novemba kwisha Holbein alikuwa amekufa, labda kwa tauni, akiwa na miaka kama 45, na kaburi lake halijulikani.

Nikiulizwa ugeni ulimpa nini, nitasema ulimpa macho. Hakuwa mtoto wa nyumba yoyote kubwa ya Kiingereza, hakuwa na kisasi na mtu wala fungu la kutetea, na kwa hiyo mfanyabiashara, askofu, malkia na mfalme wote aliwapa haki moja, kila kope na kila kifungo. Gharama aliyoilipa ni jamaa aliyoiacha Basel, na sioni kwamba ukubwa wa kazi wafuta deni hilo.

Msomaji aliyeko London, au atakayepita huko, ajue kwamba picha ya mabalozi na ile ya Christina zote zimo katika National Gallery, na kuziangalia katika mkusanyo wa kudumu hakutozwi ada. Aanze na mabalozi, na asiondoke kabla ya kwenda upande wa kulia.